Shamba Tulilompa Mwalimu

Tulimzika shangazi Hadhara siku ya Ijumaa, na Jumapili, wanawake wakiwa bado wanachambua mchele wa hitima uani kwake Tarasaa, Mwalimu Tabitha akaingia bila hodi. Nilimtambua kwa sweta. Jua la Januari huku kwetu hukausha mate mdomoni, naye kavaa sweta ya kijani, vifungo vimefungwa hadi shingoni, tabia ile ile. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Akatoa pole kwa kila mtu, mmoja mmoja, akasema amekuja kumwangalia Shiru, na njiani ndipo aliposikia kwamba tuna msiba. Shiru alikuwa binti yake. Amelala makaburini Tarasaa tangu mwaka wa tisini na saba, na alikuwa na miaka sita. Tukampa Mwalimu kiti na chai, akainywa yote, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, “Mwanaidi, nisindikize nje kidogo. Kuna neno nataka kukuuliza.” Nikamjibu asubiri nimalize mchele. Mchele ulikuwa umekwisha kuchambuliwa zamani, lakini nilikaa pale na ungo wangu, nachagua mawe yasiyokuwapo, na mwaka ule mzima ukanirudia.

Kwa nini mimi, mtoto wa Kinakomba, huko juu mtoni, nililetwa huku chini kukaa kwa shangazi ni habari ya wakubwa. Wengi wao wamekufa, na waliobaki hawapatani juu yake. Niiache. Nilikuwa na miaka kumi na tano, darasa la nane, na nilikula kwa shangazi, kwa hiyo neno la shangazi lilikuwa sheria. Kijiji chake cha wakati ule, kabla hajahamia Tarasaa, kilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Tarasaa, ukingoni kabisa mwa mto. Na hapa lazima nieleze ardhi yetu ilivyo, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Mtu wa milimani akija kwetu huona nchi imetandikwa sawa kama mkeka. Haiko sawa. Tana hubeba udongo, na kila ukifurika huutua kwanza pale ukingoni, kwa hiyo ukingo ndio mahali pa juu kuliko pote. Ndiko tunakojenga, ndiko iliko migomba. Ukiupa mto mgongo ukatembea, unashuka, kidogo kidogo, hata mguu wenyewe hauna habari, mpaka ufike nyuma kwenye mashamba ya mpunga na madimbwi. Kila ukoo una ukanda wake mwembamba unaoanzia majini na kwenda nyuma, ili kila mtu apate kidogo cha juu na kidogo cha chini. Mtoto wa Kipokomo anayajua haya kabla hajajua kujifunga nguo. Kwa Mwalimu Tabitha ilikuwa kinyume. Yeye alitoka Kangema, huko Murang’a, ambako mto uko chini bondeni, na kadiri unavyouacha ndivyo unavyopanda.

Alikuja shuleni kwetu Januari na sanduku moja na nusu gunia la viazi. Akapewa chumba cha udongo nyuma ya darasa la tatu, paa la mabati, na ndani akabandika magazeti ukutani toka chini hadi juu ili vumbi lisimwagikie kitandani. Palikuwa na stovu ya mafuta ya taa, thamosi nyekundu, na kalenda yenye picha ya shamba la chai, kijani mpaka unaona uongo. Aliniruhusu kusomea mezani kwake mchana, kwa kuwa kwa shangazi hakukuwa na meza. Ndivyo nilivyoonja chai yake ya maziwa matupu, na ile pure yetu ya mahindi na maharage ambayo yeye aliiita githeri na kuitia viazi. Samaki wetu hakumgusa. “Kambare ana masharubu,” alisema. “Siwezi kula kitu kinachofanana na mjomba wangu.” Nilicheka hadi nikapaliwa. Alikuwa mcheshi, Mwalimu, hilo nalo liandikwe. Siku moja akimenya viazi aliniambia, bila kunitazama, kwamba ndugu zake wa kiume walikuwa wamegawana shamba la baba yao, kila mmoja ukanda wake kutoka mgongo wa mlima hadi kijitoni, na yeye aliporudi nyumbani na mtoto asiye na baba wakampa njia ya kupitia tu. Shiru alikuwa kabaki kwa nyanya yake. “Nikipata shamba langu, hata kama ni huku kwa mbu, nitamleta mwanangu tukae pamoja,” alisema. “Sitaki kingine, Mwanaidi. Walahi, kama mnavyosema nyinyi.”

Darasani alikuwa mtu mwingine. Mtihani wa darasa la nane ulipenda milima. Ulituuliza chai, pareto, ng’ombe wa gredi, matuta ya kuzuia mmomonyoko, sisi ambao hatujawahi kuona ardhi ikiinuka kupita kichuguu. Akisema mteremko, tunaandika mteremko. Akiuliza mteremko ni nini, kimya, na safu nzima inasimama kuchapwa. Siku hizo fimbo ilikuwa mwalimu wa pili katika kila shule, na wazazi hawakulalamika juu ya fimbo. Walilalamika juu ya mdomo wake. Kwenye mkutano wa wazazi mwezi wa Machi alisimama mbele yao wote, akaonyesha kwa kidole kule nyuma ya shule, akasema, “Ardhi nyeusi namna hii imelala, na nyinyi mmelala pamoja nayo. Kwetu mtu akiwa na robo ya hii anasomesha watoto mpaka chuo kikuu.” Na papo hapo, katika pumzi ile ile, akaomba apewe shamba. Hakuna aliyemjibu. Watu wa kwetu wakikasirika sana hunyamaza, na Mwalimu alidhani wamekubali.

Mgeni akiomba shamba kwetu hanyimwi. Ni aibu kumnyima. Ni kama kumnyima maji ya kunywa, na aibu yake huandama ukoo. Wazee wa gasa, ndilo baraza letu, walijua hivyo, na walikuwa wamekasirika, basi wakawa wamekwama. Jioni moja Mzee Komora, aliyekuwa na sauti kubwa katika gasa, alikuja kibarazani kwa shangazi. Mimi nilikuwa ndani nyuma ya pazia, napiga pasi sare yangu kwa pasi ya makaa, na shangazi alikuwa nje amekalia mbuzi anakuna nazi.

“Yule mwanamke anataka shamba,” Mzee Komora akasema.

“Mpeni.”

“Wapi? Ukingoni hakuna hata pa kuotesha bamia.”

“Mpeni kule nyuma. Mto wa zamani.”

Mto wa zamani ni mkondo ambao Tana iliuacha kabla mimi sijazaliwa. Ulikuwa umekauka, udongo umepasuka, mweusi na mzuri, lakini ndiyo njia ya kwanza ambayo maji huifuata yakipanda, yanaingia kwa nyuma, kimya, watu wakiwa bado wanatazama mto mbele. Pana jina kwa Kipokomo linalosema kwamba hapo ndipo mto hurudi. Toka siku ile hakuna aliyelitamka mbele ya Mwalimu.

“Hadhara, maji yatarudi kule.”

“Si yamekaa miaka? Pengine hayarudi.” Nazi ikaendelea kukwaruzwa. “Na yakirudi, sisi hatukumnyima. Mto ndio utakaomnyima.”

Mzee Komora akacheka, kile kicheko chake cha puani, na shangazi akamkaribisha chai. Nilisimama na pasi mkononi mpaka nikanusa harufu ya kuungua. Kola ya shati ilikuwa imeingia rangi ya kahawia, na kwa ile kola nilipigwa. Yale maneno hakuna aliyeyataja tena.

Mwalimu akakabidhiwa shamba. Tukaenda wanawake wengi kumsaidia kufyeka, maana ndiyo desturi, na shangazi ndiye aliyeanzisha nyimbo. Alimwazima majembe mawili, mapya, mpini bado haujapata jasho. Mwalimu alipika sufuria mbili za githeri, na watu walikula mpaka wakakwangua. Kisha akasimama katikati ya shamba lake, akageuka akautazama mto kule mbali, juu, ingawa yeye hakujua kwamba ni juu, akasema, “Asanteni sana kwa kunitoa karibu na maji. Huku mafuriko hayatanifikia.” Wanawake wakatazama miguu yao. “Inshallah, mwalimu,” shangazi akajibu, na mwanamke mmoja akaanza kukohoa, kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Siku zilizofuata Mwalimu alichimba mitaro ya kukinga maji kama ya kwao, akaipima kwa kamba na vijiti, mteremko ambao haukuwapo. Watu walikuwa wakipita makusudi kumtazama. Ilikuwa ni sinema yetu.

Nilitaka kumwambia. Nasema hivi nikijua ni rahisi kusema leo. Nilitafuta nafasi wiki mbili nzima, na nafasi ikanijia darasani. Alichora Tana ubaoni kwa chaki ya bluu, kuanzia milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, ukashuka Garissa, Hola, Garsen, mpaka baharini Kipini. Akauliza, “Mto Tana hufurika wakati gani?” Nikainua mkono. “Mwalimu, hufurika mvua ikinyesha kwenu.” Darasa likaangua kicheko. Wote walijua ninazungumzia nini, hata wale wa nyuma ambao hawakujua kusoma. Yeye alidhani namfanyia mzaha. Akaniita mbele, fimbo nne, mikononi. “Jibu la kitabuni ni Aprili na Novemba,” akasema. “Ukitaka kuchekesha watu nenda sokoni.” Nilirudi kuketi na viganja vinawaka moto, na moyoni nikasema, basi, nimesema kweli nimechapwa, na akae na kitabu chake. Mimi leo nafundisha jiografia Malindi, na kila mwaka nachora mto ule ule ubaoni. Mtoto akijibu kwa namna nisiyoielewa, namuuliza mara ya pili.

Mvua zikaja Oktoba, zile ambazo baadaye kila mtu aliziita elinino. Mahindi ya Mwalimu yakapanda yakampita kimo. Sisi wa ukingoni tulikuwa na wivu, nisifiche. Tulipomaliza mtihani, Shiru akaletwa kwa basi kutoka kwa nyanya yake, amevaa viatu na soksi, akashuka Tarasaa na soksi zikabadilika rangi hapo hapo. Mtoto gani yule! Kwa wiki mbili alikuwa anawasalimia watu kwa Kipokomo, jambo ambalo mama yake hakuliweza kwa mwaka. Kambare alimla mpaka kichwa. Aliniganda mimi, kila niendako yuko nyuma, “Dada Mwanaidi, hii ni nini? Dada Mwanaidi, na hii?” Mwalimu alijenga kibanda juu ya dungu kando ya shamba, wakawa wanakaa huko kulinda mahindi dhidi ya nguruwe na nyani. Nilipokwenda kuwaona alinionyesha mahali atakapojenga nyumba, mlango utatazama wapi, kitanda cha Shiru kitakuwa wapi. Sikuwahi kumwona mtu mwenye furaha ile, na ilinikera.

Mtu mmoja tu alimwambia. Ni mzee wa Kiorma, Galgalo, aliyekuwa akipitisha ng’ombe wake nyuma ya mashamba. Mwalimu ndiye aliyenisimulia, akicheka, huku anapukuchua maharage. “Ameniambia, ‘Mwalimu, wewe toka hapa. Maji nakuja hii nyuma. Mimi naona zamani.’ Lakini shangazi yako alishanionya, mfugaji hapendi kuona mahindi, atakutisha uhame ili ng’ombe wapate njia. Si ndivyo, Mwanaidi?”

“Ndivyo,” nikasema.

Jumamosi moja mwishoni mwa Novemba mbingu zilikuwa safi, hakuna wingu hata la dawa. Tuliamka mto umebadilika rangi, umekuwa kama chai ya rangi, una povu, na magogo ya miti tusiyoijua yanapita katikati. Mzee Komora akateremka majini, akachomeka kijiti, na kabla uji haujaiva kijiti kilikuwa hakionekani. Hakuna aliyepiga kelele. Kijiji kizima kilianza kufunga mizigo, kuku miguu kwa kamba, magunia ya mpunga juu ya vichwa, kwenda Tarasaa ambako mafuriko hayafiki. Shangazi alinikuta nakunja mikeka.

“Nenda mbio kwa mwalimu ukachukue majembe yetu. Yote mawili.”

“Nimwambie?”

“Umwambie nini?” Alikuwa anafunga fundo, hakuinua hata kichwa. “Si ana kitabu?”

Nikaenda. Njia ilikuwa kavu, na niliposhuka nyuma ya mashamba ya mpunga niliona maji membamba, upana wa kanga, yakitambaa kwenye nyufa za ule mkondo wa zamani. Niliyaruka. Mwalimu alikuwa anachoma mahindi mabichi, ya kwanza kabisa ya shamba lake, na Shiru alikuwa kavalisha gunzi kitambaa, ni mtoto wake, anambembeleza.

“Karibu, karibu! Mbona mapema?”

“Shangazi anataka majembe.”

“Yote mawili? Leo mnalima?”

“Tunalima.”

Akacheka. “Hatimaye mmeamka nyinyi watu.” Akanipa hindi, moto, nikalishika kwa upindo wa nguo. Nikayaweka majembe begani. Hapo Shiru akasimama, akanishika sketi. “Nataka kwenda na Dada Mwanaidi.” Mwalimu akanitazama, akasema, “Unaweza kumchukua? Atarudi jioni, nami nitapata kulala kidogo.” Namkumbuka hivi, mkono mmoja usoni kukinga jua, anangoja nijibu. Niliyapima yote kwa muda wa pumzi moja. Nikifika naye, shangazi atajua nimesema. Na nilikuwa na ile hasira ya viganja, nayo iliinuka, ndogo, ya kitoto. Nikasema, “Nina mzigo mzito, mwalimu. Kesho.” Shiru akaanza kulia. Mama yake akamvuta, “Mwache dada, hujaona ana majembe?” Niliondoka nikisikia kile kilio, nikala lile hindi njiani lote, lilikuwa tamu, na nilipofika kwenye ule mkondo, maji yalinifika magotini.

Mchana uleule Tana ikaingia kwa nyuma. Sisi tulikuwa Tarasaa tayari, tumetandika mikeka chini ya paa la soko, shangazi anasonga ugali. Kila mtu alijua nani hayupo, na hakuna aliyesema, mpaka Jumapili mchana wanaume walipochukua mtumbwi. Walimkuta Mwalimu Jumatatu juu ya mti wa mkoma, amejifunga kwa kitenge, peke yake. Dungu lilikuwa limekatika alfajiri ya Jumapili. Alimshika mtoto mpaka mkono ukafa ganzi, akabaki na soksi. Galgalo ndiye aliyempata Shiru siku ya nne, kwenye mizizi, akambeba kwa miguu majini hadi Tarasaa, na yeye mwenyewe alikuwa amepoteza ng’ombe wengi. Alimweka chini, akamfunika uso kwa shuka yake, akatutazama sisi wakulima mmoja mmoja, akaondoka bila kunywa maji tuliyompa.

Tulimlilia Shiru kama mtoto wetu. Mzee Komora alisimama makaburini akasema kazi ya Mungu haina makosa. Shangazi alimshika Mwalimu siku saba, akamwogesha, akamlisha uji kwa kijiko, akalia naye. Machozi yake yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililonitisha wakati ule, na bado linanitisha, kwamba mtu anaweza kumchimbia mwenzake shimo halafu akamlilia kwa dhati, tena bila kuona kwamba kuna kitu hakilingani. Siku ya saba Mwalimu akazungumza kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Sauti ilikuwa imekauka. “Asubuhi ile,” alisema, “mtu mmoja tu alikuja kututazama. Ni Mwanaidi.” Watu wote wakanigeukia. Shangazi alinitazama nusu dakika nzima, kisha akainamisha kichwa akaendelea kuchota uji.

Mwalimu akaomba uhamisho, na matokeo yalipotoka Januari, nami nimepita vizuri kuliko wote, akanichukua nikasome kwao. Ningekataaje? Nilikuwa nataka kusoma. Nilikaa Kangema katika nyumba ya mbao ya mama yake, tuliyemwita Shosho, jiko limekuwa jeusi kwa moshi, baridi inaingia kwa kila ufa, na nililala kwenye kitanda cha Shiru, ambacho kilinifupia, miguu yangu ikitokeza nje ya blanketi. Hapo ndipo nilipouona mteremko. Chai imeshuka safu kwa safu, nyumba moja juu ya kichwa cha nyingine, watu wanalima wameegemea ardhi, wanawake wanapanda na magunia mgongoni, kamba imewakaa kwenye paji la uso mpaka imeacha alama. Hawakuwa na raha hata kidogo. Kila mtu alikuwa na kesi ya mpaka na ndugu yake, na wale kaka zake Mwalimu walipita mlangoni bila kutoa pole. Chini kabisa bondeni palikuwa na kijito ambacho niliweza kukiruka. “Huu unaingia Tana,” Mwalimu aliniambia. Jioni mvua ikinyesha juu ya mabati, nililala nikihesabu siku ambazo maji yale yangechukua kufika kwa shangazi. Na kila jioni, wallahi kila jioni, Shosho aliniita karibu na moto. “Wewe ulimuona mwisho,” alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. “Niambie alikuwa nafanya nini.” Nami nikamsimulia habari ya gunzi lililovikwa kitambaa, jinsi alivyolibembeleza, jinsi alivyocheka. Kilio sikukitia. Kadiri nilivyosimulia ndivyo hadithi ilivyonyooka, mpaka mwenyewe nikaanza kuipenda.

Ungo ulikuwa mtupu. Nikauweka chini, nikatoka nje. Mwalimu alikuwa kasimama kwenye kivuli cha ukuta, mikono mifukoni mwa sweta. Hakuzunguka. Hakuwahi kuwa mtu wa kuzunguka.

“Shangazi yako amekwenda, siwezi tena kumuuliza,” akasema. “Wewe nitakuuliza mara moja tu, na utakalosema nitakwenda nalo. Siku ile Shiru alililia kwenda na wewe. Mimi nikamvuta, nikasema mwache dada. Kila siku ya maisha yangu najiuliza kwa nini nilimvuta. Ningekushikilia kidogo tu, ungemchukua. Kwa hiyo niambie, Mwanaidi. Mlijua maji yanakuja? Wewe ulijua?”

Miaka yote nilijiambia kwamba shangazi ndiye aliyenifunga mdomo. Nilikuwa mtoto, nilikula kwake, ningekwenda wapi? Nilikuwa na maneno hayo tayari, nimeyapanga vizuri. Lakini shangazi alikuwa siku ya tatu mchangani, hakuna wa kunipiga wala wa kunifukuza, mimi mtu mzima mwenye watoto wakubwa, na mbele yangu mama mzee ambaye alikuwa amejibebesha dhambi yangu miaka hiyo yote na alikuwa ananiomba nimtue. Neno moja tu lingetosha.

“Sikujua, mwalimu,” nikasema. “Ningejua ningemchukua.”

Akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi. “Basi ni mimi,” akasema. “Ni mimi niliyemvuta.” Kisha akatoa mikono mifukoni, akaniwekea kichwani yote miwili, akafumba macho akaniombea kwa Kikuyu, kwa muda mrefu, akitaja jina langu na jina la mwanawe pamoja. Nikainama ili asichoke kuinua mikono, na alipomaliza nikaitikia amina.